Vipimo Nilivyomtumia Mdogo Wangu

Barua ya kukubaliwa ilimkuta mdogo wangu uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kazini, sijavua hata viatu, nikasikia mchi umenyamaza. Kisha akapiga kelele, nikadhani ameponda kidole. Mama alitoka ndani mbio huku anafunga kitenge, nami nyuma yake. Mdogo wangu alikuwa amesimama na simu, vidole vyote kijani kwa majani, anasoma Kifaransa na kutafsiri kwa pupa: amechukuliwa, miezi sita, Ubelgiji, staji, mafunzo ya kazi, ya kutafiti majengo ya zamani na namna ya kuyahifadhi.

Mama akapiga vigelegele. Jirani wa upande wa pili wa ukuta akavipokea bila kujua sababu.

Nami nilipiga makofi, nikamkumbatia, majani ya sombe yakanishika kwenye shati la kazi. Hakuna aliyeniuliza habari za barua yangu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba mimi pia niliomba. Yangu ilikuwa imefika saa nne asubuhi, nikiwa byuro, ofisini kwetu. Mistari minne ya adabu. Niliisoma mara mbili, nikaifuta, nikarudi kwenye plani ya ghala la mahindi niliyokuwa nachora.

Na tangazo la ile staji nililiona mimi. Kazi yangu ni kuchora plani kwa mjenzi mmoja hapa Kolwezi: maduka, kuta za lupango, viwanja vya watu, maghala, mara mojamoja nyumba ya mtu aliyefanikiwa. Nilisoma ujenzi katika shule ya ufundi, na nilitaka kwenda Lubumbashi kusomea usanifu wa majengo, lakini baba alifariki mwaka niliomaliza shule. Nikashika kazi. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, yeye ndiye aliyekwenda Lubumbashi. Penseli nilimfundisha kuishika mimi, mezani kwetu, chini ya taa ya jikoni. Nilipoliona lile tangazo nikamwambia, "Tuombe wote wawili, nisiombe peke yangu." Nilimwalika kama mtu anavyomwalika mwenzake amsindikize sokoni.

Kabla ya majibu kuja nilikuwa nimenunua koti. Katika marobota ya mitumba nilikuta koti zito la sufu, la buluu iliyoiva, lenye vifungo vya mbao. Nilimwambia mama ni kwa ajili ya baridi ya mwezi wa sita, maana asubuhi za Kolwezi wakati huo zinauma kweli. Siku mbili kabla ya safari, mama alilitoa kabatini, akalipiga vumbi.

"Umupe mudogo yako hii koti," alisema. "Hapa utaivaa wapi?"

Mdogo wangu alikataa. "Hapana mama, ile ya yaya." Ndivyo anavyoniita, yaya, dada mkubwa.

"Chukua," nikasema. "Mi niko na sweta."

Akalivaa palepale. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi, na akageuka mara mbili mbele ya kioo, akacheka. Nilitoka nje nikajifanya naangalia makaa kwenye mbabula.

Alipofika kule, akawa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mama hakuvua nguo za kanisani kabla ya simu hiyo. Alikaa kwenye kiti cha baba, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na kama kilemba kimelegea alikifunga upya. Mdogo wangu alituonyesha mtaa, mvua, chumba chake chenye dirisha la darini. Halafu akaanza kutuonyesha kazi. Alikuwa katika nyumba kubwa ya kumbukumbu, ghorofa nzima ya makabati ya chuma yenye droo pana za kuwekea plani za zamani. Alivaa glavu nyeupe kuzishika. Mwanamke mmoja mwenye mvi alikuwa anamfungulia droo na kumsubiri.

Nilizitazama zile glavu. Miaka tisa nimeshika plani kwa mikono mitupu, zinarudi kutoka kwa mafundi zina alama za vikombe na saruji, na nyingine nimezikuta zimefungiwa karanga.

Jumapili moja alipiga kabla ya wakati, mama akiwa bado yuko kanisani.

"Yaya, angalia! Hii njo nyumba yetu! Plani ya tipe yetu yenyewe, ya Musonoi!"

Akasogeza simu juu ya karatasi. Nikaiona. Vyumba viwili na sebule, jiko la nyuma, choo kando ya ukuta, mlango wa mbele unaofungukia ndani. Imechorwa kwa wino, mistari myembamba kama uzi, na pembeni mtu ameandika vipimo kwa mwandiko wa kupendeza ambao leo hakuna anayeuweza. Baba alifanya kazi ya umeme mgodini, na nyumba hiyo ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, alipewa na kampuni, sawa na nyumba zote za avenyu yetu, zote tipe moja, plani moja. Tulizaliwa humo wote wawili. Alipofariki, mama alituhamishia mjini karibu na soko, na nyumba ikabaki na shangazi yetu, dada mkubwa wa baba.

"Nzuri," nikasema.

"Nzuri? Yaya, hii karatasi ni ya mbele ya tata kuzaliwa!"

Nilikuwa na wivu hata na ile karatasi iliyomtangulia baba. Nyumba yenyewe ilivuja miaka yote, na karatasi yake ililala kwenye droo kavu, inalindwa na mama wa mvi.

Ndipo akaniomba. Ripoti yake ingelinganisha nyumba jinsi ilivyochorwa na jinsi watu walivyoigeuza walipokuwa wanaishi ndani yake. Alitaka nyumba yetu iwe mfano mkuu. Angehitaji vipimo vya leo: vyumba, kuta, na hasa baraza la mbele, kwa sababu kwenye plani ya kampuni halikuwepo. Baba alilijenga mwenyewe baadaye.

"Hakuna mutu mwingine wa kuamini," alisema. "We njo unajua kupima."

Jumamosi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Musonoi. Shimo la mgodi lilikuwa limesogea tangu nilipokuwa mtoto. Zamani ulitembea kulifikia, sasa ukisimama mwisho wa avenyu unaona ukingo wake, na vumbi la malori limepaka kila bati rangi moja. Shangazi alinikuta langoni, akatazama nyuma yangu kama anayetegemea kuona mtu mwingine.

"Mutoto yetu wa kule anasema nini? Anakula muzuri?"

"Anakula, shangazi."

"Na baridi?"

"Eko na koti."

Alinipa maji, akanifuata chumba hadi chumba. Nilipima kwa uangalifu. Urefu, upana, kimo, unene wa kuta kwenye kila mlango, na mshazari wa kila chumba, kutoka pembe hadi pembe, kwa sababu mshazari ndio unaokuambia kama vipimo vingine vinasema kweli. Shangazi alishika ncha ya mita nilipomwomba, na kila mara aliuliza swali lilelile kwa maneno mapya: mdogo wangu atarudi lini, atarudi na mume wa kule au peke yake, anapigiwa makofi na walimu wake au la.

"Pima muzuri, mama," akaniambia. "Eko na baprofesa kule. Basimucheke."

Tukatoka barazani.

Baraza hilo lilikuwa langu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa na miaka saba baba alipolijenga, na nilimbebea matofali mawili mawili kifuani hadi gauni likatoboka. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, anaipaka nta, na mimi nafanyia kazi za shule pale, nimelala kifudifudi. Miaka yote niliamini alilijenga kwa ajili yangu, kwa kuwa ndani palikuwa na giza na nilikuwa nimeanza kusoma. Hakuwahi kuniambia hivyo. Niliamini tu.

Shangazi akaketi kwenye benchi, akaipiga sakafu kwa mguu.

"Hii barza tata yenu alijengaka juu ya batizo ya mudogo yako," alisema. "Bageni balikuwa mingi, hakuna fasi ya kuikala. Akasema, mutoto huyu atabatizwa na heshima."

Alisema kwa furaha, kama ananipa zawadi ya kumpelekea mdogo wangu. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye pembe, mita imefunguka nusu. Nikaiachia, ikajirudisha ndani ya kasha kwa kishindo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

Sikuwa nimepima hata upande mmoja. Niliagana naye, nikamwambia mwenye moto asimame karibu na wauza mkaa wa njia panda, na hapo, daftari kwenye goti, nikaandika vipimo vya baraza kutoka kichwani. Urefu mita nne na sentimita sitini. Upana mbili kamili. Mshazari nao niliubuni, bila hata kupiga hesabu, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilijua baraza ni refu zaidi. Nilitaka liwe fupi. Nilimwona kichwani mwangu akisimama mbele ya walimu wake, na mmoja wao akimuuliza, mbona baraza hili haliingii? Nikapiga picha ya daftari, nikatuma. Picha za mbele ya nyumba sikupiga. Nilimwambia mdogo wangu kwamba shangazi alikuwa ameanika nguo.

Alijibu kwa mioyo myekundu mingi, na maneno, "Asanti yaya, asanti, asanti."

Wiki sita zilipita. Kisha ikaja siku ya kuonyesha kazi zao, na mtu mmoja aliipiga filamu kwa simu. Mama alimwita jirani aje kuitazama. Mdogo wangu alisimama katika ukumbi wenye dari ya mbao, koti la buluu begani, na mbele yake juu ya meza kulikuwa na nyumba yetu ndogo, maketi iliyotengenezwa kwa ubao mwepesi mweupe, paa linaondoka ukitaka kuona vyumba. Wazee wa Kizungu waliinama kuchungulia. Alieleza kwa Kifaransa safi, hakubabaika, akatuonyesha kwa kidole sebule, jiko, na baraza.

Baraza langu la uongo. Lilikaa mbele ya nyumba kama meno machache mdomoni, halijafika hata chini ya dirisha la chumba cha wazazi. Nilingoja mtu aulize. Hakuna aliyeuliza. Walipiga makofi, na mama wa mvi akamshika bega.

"Angalia nyumba yetu," mama alimwambia jirani, machozi yanamtoka. "Ulaya banaona nyumba yetu."

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, au kuona haya, kimojawapo. Nilichopata ni wivu mpana zaidi kuliko wa mwanzo. Hata uongo wangu, ukifika mikononi mwake, ulipigiwa makofi.

Mwezi uliofuata watu walipita Musonoi na rangi nyekundu. Mgodi ulikuwa unapanuliwa na avenyu yetu ilikuwa njiani. Kila nyumba ikaandikwa namba kwenye ukuta wa mbele, na familia zikaambiwa zihame. Shangazi alikuja kwetu na magodoro mawili, sufuria, na benchi la barazani juu ya mkokoteni. Alilia siku moja, siku ya pili akaanza kupanga mahali pa kulima mchicha uani kwetu.

Mimi nilikwenda Jumatano, nikaomba ruhusa byuro kwa kusema naumwa jino. Shangazi alikataa kubaki, akapanda nyuma yangu kwenye moto. Mashine zilikuwa zinafanya kazi avenyu ya pili, tunazisikia hatuzioni. Kwetu, wapangaji wa shangazi, waliokaa vyumba vya uani, walishaondoa mabati na fremu za milango. Nguzo za baraza zilikuwa zimelala. Kuta za mbele zilikuwa zimebomolewa hadi kwenye kiuno, mtu alikuwa ametafuta matofali mazima. Lakini sakafu ilikuwepo, nyekundu chini ya vumbi.

Niliifagia kwa tawi. Shangazi akaokota ncha ya mita bila kuombwa, akaikanyaga kwa kisigino kwenye pembe. Urefu mita sita na sentimita kumi na mbili. Upana moja na themanini. Mshazari sita na thelathini na nane. Nilipima mara tatu, na mara zote vilipatana, kwa sababu baba, ambaye hakuwa mwashi, alilijenga baraza lake likiwa limenyooka.

"Ulipimaka siku ile," shangazi akasema. "Unapima tena juu ya nini?"

"Nilikosea."

Nikamuuliza nilichotaka kumuuliza tangu siku ile.

"Shangazi, kweli tata alijengaka hii barza juu ya batizo?"

"Juu ya batizo, ndiyo." Akafikiri. "Na juu ya mvua. Mvua ilikuwa inaingia mu mulango, mama yenu anapiga makelele kila siku. Njo akajenga. Batizo ilikuwa ile mwezi."

"Kumbe mvua."

"Mvua, batizo, yote. Tata yako alikuwa mutu wa kujengajenga. Shika hii mita yako, kisigino kinaniuma."

Nilimpigia mdogo wangu palepale, nimeketi kwenye sakafu, kabla ujasiri haujaniishia. Kwanza nikamwambia nyumba imeondoka. Kisha nikamwambia juu ya vipimo. Sikupamba. Nilisema nilivibuni kwenye njia panda, nilitaka aaibike.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mushazari yako haikufunga, yaya. Nilipochora, pembe ilikataa. Mara ine nilichora. Nikafikiri labda umechoka. Kisha nikafikiri, hapana, yaya hakoseake mushazari." Sauti yake ilianza kupanda. "Niliichora na mistari ya nukta-nukta, nikaandika chini kama haijahakikishwa. Ni bale ba kutengeneza maketi njo hawakuangalia."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa. Niliona umenikasirikia tangu siku ya barua. Nikasema nitakuja, tutapima pamoja, tutacheka." Hapo akalia. "Sasa nitapima nini? Ile nyumba ilikuwa ya mi pia. Ulikuwa nayo hapo, saa moja ya kutembea, ukanitumia uongo!"

Akakata simu.

Jumapili tatu hakupiga. Mama alikaa kwenye kiti cha baba na kilemba chake, anaitazama chupa ya maji. Ya tatu akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia yote, mbele ya shangazi. Mama hakunikemea, na ningependa angenikemea. Alivua kilemba, akakikunja, akaenda kulala mchana ule, kitu ambacho hafanyi.

Jumapili ya nne simu ililia. Aliongea na mama kwanza, kisha shangazi, na mwisho akasema, "Nipe yaya." Tuliongea juu ya hali ya hewa kama watu waliokutana kwenye basi. Aliniomba picha za sakafu, kama nilizipiga. Nilikuwa nimezipiga, arobaini na kitu. Nikazituma zote, pamoja na vipimo vya Jumatano.

Mdogo wangu aliongezewa muda, kisha akapata nafasi ya kusoma kulekule. Mwaka uliofuata niliomba ile staji tena, sikumwambia mtu, na wakanijibu mistari minne, nadhani ni ileile. Bado niko byuro. Wivu haukuondoka, sitadanganya. Akiniambia ameona jengo fulani, kuna kitu hujikaza hapa chini ya mbavu kabla sijasema hongera, na najua anaisikia ile nafasi ndogo ya ukimya.

Ripoti yake ilipokamilika alituma nakala kwa mtu aliyekuwa anakuja Lubumbashi, ikatufikia kwa basi, katika bahasha ngumu. Mama aliosha mikono ndipo akaifungua. Alipita kurasa zote za maandishi, akasimama kwenye michoro. Ukurasa wa nyumba yetu ulikuwa mara mbili. Upande wa kushoto, nyumba na baraza fupi la mistari ya nukta-nukta, na chini yake tarehe ya Jumamosi ile. Upande wa kulia, nyumba na baraza la mstari kamili, mita sita na kumi na mbili, na tarehe ya Jumatano. Aliacha yote mawili. Chini aliandika kwamba aliyepima ni dada yake mkubwa.

Mama aliweka kidole upande wa kulia. "Hii njo yetu?"

"Ndiyo, mama."

Kidole kikahamia kushoto. Alikisogeza polepole juu ya nukta, kutoka pembe hadi pembe.

"Na hii ingine ni ya nani?"

"Ya mi," nikasema.